Mwongozo wa Kutengeneza Kijazio Kimiminika Kinachoganda Haraka kwa Mitaro ya Barabara Zenye Shughuli Nyingi

Mtaro unaokatwa barabarani ili kupitisha bomba la maji hufukiwa, kwa mazoea yetu, kwa udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Njia hiyo ikifuatwa kikamilifu haina kasoro, lakini ni mara chache kufuatwa kikamilifu, kwa sababu mtaro wenye upana wa sentimita 60 haumpi fundi nafasi ya kushindilia ubavuni mwa bomba wala chini yake, na kwa sababu usiku huisha kabla ya tabaka la mwisho kufikiwa. Miezi michache baadaye lami hubonyea juu ya mtaro, maji ya mvua hutuama hapo, na barabara huanza kuoza kutoka ndani.

Kijazio kimiminika kinaondoa kazi ya kushindilia. Ni mchanganyiko wa mchanga, maji mengi, vumbi laini na saruji kidogo sana, unaomiminwa mtaroni na kujaza kila uwazi wenyewe kabla ya kuganda. Taasisi ya Zege ya Marekani, kupitia kamati yake ya 229, inahesabu katika kundi hili kijazio chochote chenye nguvu ya mgandamizo isiyozidi megapaskali 8.3 kwa siku 28, ingawa kwa mitaro ya mabomba tunahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Matumizi yake makubwa ya mwanzo yanayofahamika ni ya mwaka 1964, pale idara ya serikali ya Marekani inayosimamia miradi ya maji ilipoutumia mchanga wa kienyeji uliochanganywa na saruji kama kitanda cha bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Amarillo hadi Lubbock, Texas.

Kijazio cha kawaida huchukua saa kadhaa kuganda, na penye udongo usiopitisha maji kinaweza kungoja hadi siku ya pili. Barabara inayopaswa kupitisha mabasi alfajiri haiwezi kungoja hivyo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hukimbilia kuongeza saruji, nao hupata kijazio kinachoganda mapema kidogo lakini ambacho baada ya mwaka mmoja kimekuwa zege kamili, na siku bomba litakapopasuka italazimu kulifikia kwa mashine ya kuvunjia mawe. Mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo mmoja: kasi ya saa ya kwanza na dari ya nguvu ya miaka ijayo zipangwe pamoja tangu siku ya kwanza maabara, na kasi itafutwe katika aina ya kiunganishi, yaani saruji au unga mwingine unaoshikanisha mchanganyiko, na katika kupunguza maji, si katika wingi wa saruji.

Hatua ya kwanza: Hesabu saa kuanzia mwisho

Tuchukue bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 200 linalovuka barabara yenye upana wa mita 9. Kibali kinaruhusu barabara ifungwe saa nne usiku na ifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Kukata lami na kuchimba kutakwenda hadi saa saba usiku. Kulaza bomba, kuliunga na kulijaribu kwa shinikizo kutafika saa nane na nusu. Kumimina kijazio kupewe nusu saa. Saa tisa kamili mtaro umejaa na zimebaki saa 2, ambazo saa 1 kati yake ni ya kumwaga, kusawazisha na kushindilia lami. Kijazio kimebakiwa na dakika 60 za kuganda.

Kutokana na hesabu hiyo maabara inapata namba mbili za kufanyia kazi. Ya kwanza ni muda ambao mchanganyiko lazima ubaki unamiminika tangu kiunganishi kigusane na maji, na kwa ukubwa wa kazi hii usipungue dakika 25. Ya pili ni muda ambao uso wake lazima uweze kubeba mashine ya kushindilia lami, yaani dakika 60 baada ya kumimina. Mwajiri asiyeweza kukutajia saa zake kwa namna hii hajawa tayari kuagiziwa kijazio cha haraka, na ni afadhali umsaidie kuzipanga kabla ya kupima hata ndoo moja ya mchanga.

Hatua ya pili: Weka dari ya nguvu

Kanuni ya jumla inayotumika ni kwamba kijazio chenye nguvu isiyozidi megapaskali 0.3 huchimbika kwa sururu na koleo, na chenye nguvu kati ya 0.7 na 1.4 huchimbika kwa mashine. Kanuni hiyo ina upungufu, kwa kuwa uzito wa kijazio nao una sehemu yake: vijazio viwili vyenye nguvu sawa havichimbiki sawa kama kimoja kina hewa nyingi ndani yake na kingine kimeshiba mchanga.

Kwa sababu hiyo napendelea kipimo kilichoanzishwa Hamilton County, katika jimbo la Ohio, kinachounganisha mambo hayo mawili. Chukua uzito wa kijazio kikavu kwa kilo kwa mita ya ujazo, uupandishe kwa kipeo cha 1.5, uzidishe kwa 0.619, uzidishe tena kwa mzizi wa mraba wa nguvu ya mgandamizo ya siku 30 kwa kilopaskali (1,000 kati yake ni megapaskali moja), kisha ugawe kwa 1,000,000. Jibu likiwa chini ya 1.0, kijazio kinahesabiwa kuwa kinafukulika.

Ukifanya hesabu hiyo utaona mambo mapema. Kijazio chenye kilo 1,950 kwa mita ya ujazo na nguvu ya kilopaskali 500 kinatoa karibu 1.19, kwa hiyo kimevuka dari. Uzito uleule ukiwa na nguvu ya kilopaskali 300 unatoa 0.92. Lakini ukishusha uzito hadi kilo 1,760 kwa kuingiza hewa, unaweza kufika kilopaskali 450 na bado ukabaki kwenye 0.97. Hewa basi inakununulia nguvu ya ziada ambayo utaihitaji sana katika ile saa ya kwanza. Nguvu ya chini nayo isikutie hofu, kwa kuwa kijazio chenye kilopaskali 350 hadi 700 hubeba mzigo kama udongo ulioshindiliwa vizuri, na hicho ndicho kilichokuwa kikitakiwa mtaroni tangu awali.

Hatua ya tatu: Chagua kiunganishi

Hatua hii ndiyo roho ya kazi, kwa hiyo inafaa kuelewa kwanza kwa nini saruji ya kawaida huchelewa. Katika zege, uzito wa maji ni karibu nusu ya uzito wa saruji. Katika kijazio kimiminika, maji yanaweza kuwa mara nne au tano ya uzito wa saruji. Chembe za saruji zimetawanyika mbali mno, na mazao ya mmenyuko wake lazima yavuke nafasi pana iliyojaa maji kabla hayajashikana. Ugumu wa saa za mwanzo katika kijazio cha kawaida kwa kweli hautokani sana na saruji. Unatokana na maji kuzama kwenye kuta za mtaro na chembe za mchanga kukaliana. Ndiyo maana mchanganyiko uleule hukaza upesi katika mchanga wa pwani wa Dar es Salaam na kubaki tope katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa mashariki ya Nairobi, ambao haunywi maji. Kijazio cha haraka kisitegemee kuta za mtaro hata kidogo.

Viharakishi vya saruji ya kawaida ni njia ya kwanza inayojitokeza, nayo ina mipaka. Kloridi ya kalisi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayopatikana kwa urahisi, lakini inaharakisha mmenyuko bila kuondoa ile nafasi pana kati ya chembe, na isitumike kabisa penye bomba la chuma, vifungo vya chuma au nyaya, kwa sababu kloridi hulisha kutu. Viharakishi visivyo na kloridi, kama vile nitrati ya kalisi, ni salama kwa chuma. Kwa dirisha la saa tatu au nne njia hii inaweza kutosha, na kwa kuwa haihitaji saruji ya kuagizwa, ijaribiwe kwanza pale ratiba inaporuhusu.

Kwa dirisha la saa 1, kiunganishi kinachofaa zaidi kwa maoni yangu ni saruji ya salfoaluminati ya kalisi. Madini yake makuu hukutana na salfati na kutoa fuwele za etringiti ndani ya dakika, si saa, na kila fuwele hufunga maji mengi sana: karibu 46% ya uzito wa etringiti ni maji. Tazama faida yake kwa kazi yetu. Maji yaliyokuwa tatizo, yakisubiri kuta za mtaro ziyanywe, sasa yanaingizwa ndani ya fuwele zenyewe. Kiasi kidogo cha saruji hii hukausha na kukaza mchanganyiko ambao saruji ya kawaida ya kiasi hichohicho ingeuacha ukiwa uji. Jambo jingine ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake hupatikana mapema, kwa hiyo pengo kati ya nguvu ya siku ya kwanza na ya mwaka wa kwanza ni dogo kuliko la saruji zenye pozolana, yaani unga kama majivu ya volkeno unaoendelea kukaza polepole kwa muda mrefu, na dari uliyoiweka ni rahisi zaidi kuilinda.

Upungufu wake ni bei, na pia kuganda mapema mno kusipodhibitiwa. Asidi ya sitriki, ileile inayouzwa kwa watengenezaji wa vinywaji na vyakula, ndicho kicheleweshi chake cha kawaida. Anza na 0.2% ya uzito wa saruji na upande kidogo kidogo. Tofauti ya gramu chache kwa kila mchanganyo huonekana wazi kwenye saa, kwa hiyo ipimwe kwa mizani ya maabara na iyeyushwe kwenye maji kwanza, isitupwe ikiwa kavu.

Majivu ya makaa ya mawe yenye kalisi nyingi huganda yenyewe yakipata maji, na nchini Marekani vijazio vya haraka vingi hutengenezwa kwa hayo. Huku kwetu hayapatikani kwa urahisi na kwa ubora usiobadilika, kwa hiyo siyajengei mapishi. Kuchanganya saruji ya kawaida na ya salfoaluminati ili kupunguza gharama kunawezekana, lakini mchanganyiko huo unaweza kuganda ghafla au kuvimba kwa namna isiyotabirika, na kila uwiano unahitaji majaribio yake kamili.

Hatua ya nne: Mchanga, vumbi na hewa

Mchanga wa mto uliochekechwa unafaa. Mchanga wa ufukweni usitumike bila kuoshwa, kwa sababu ya chumvi. Kinachosahaulika ni vumbi laini: bila chembe laini za kutosha, maji hujitenga na mchanga, mchanga huzama chini ya bomba na maji hupanda juu. Vumbi la kokoto kutoka mashine za kusagia mawe hulijaza pengo hilo kwa gharama ndogo, ilimradi lisiwe na udongo wa mfinyanzi. Lichukue kiganjani, lilowanishe na ulisugue kati ya vidole. Likinata na kuteleza badala ya kukwaruza, litafute kwingine.

Kiingiza hewa, yaani dawa inayotengeneza viputo vidogo vya hewa ndani ya mchanganyiko, kina kazi tatu kwa pamoja: kinapunguza uzito, kinazuia maji kujitenga, na kinauwezesha mchanganyiko kutiririka kwa maji machache. Hiyo ya tatu ndiyo ya thamani kubwa kwetu, maana kila lita ya maji isiyoingia ni lita ambayo kiunganishi hakilazimiki kuikausha. Hewa ya 15% hadi 20% ni lengo zuri la kuanzia.

Mapishi ya kuanzia, kwa mita moja ya ujazo, yawe hivi: saruji ya salfoaluminati kilo 70, vumbi la kokoto kilo 120, mchanga mkavu kilo 1,340, maji kilo 230, na hewa inayojaza nafasi iliyobaki, ambayo ni kama 18.6%. Uzito wa jumla ni kilo 1,760. Haya si mapishi ya kupeleka barabarani. Ni mahali pa kusimama unapoanza. Yajaribu sambamba na kilo 50 na kilo 90 za saruji, huku ukirekebisha mchanga ili ujazo ubaki uleule, nawe utapata mistari mitatu ya kulinganisha.

Unyevu wa mchanga upimwe kila siku ya kazi. Mchanga wenye unyevu wa 5% unabeba kilo 67 za maji katika mapishi haya, maana yake ni kwamba unaongeza lita 163 tu kati ya zile 230, ukiacha kiasi kidogo kinachofyonzwa na chembe zenyewe. Asiyepima unyevu baada ya mvua ya usiku atakuwa amezidisha maji kwa zaidi ya robo, na hakuna kiharakishi kitakachomwokoa.

Hatua ya tano: Mchanganyo wa majaribio

Mchanganyo wa lita 20 unatosha. Utahitaji gramu 1,400 za saruji, kilo 2.4 za vumbi, kilo 26.8 za mchanga na kilo 4.6 za maji. Koroga mchanga, vumbi, kiingiza hewa na sehemu kubwa ya maji hadi povu litawanyike sawasawa. Yeyusha asidi ya sitriki kwenye maji yaliyobaki na uyaongeze. Saruji iingie mwisho, na saa ianzishwe hapohapo.

Mtiririko hupimwa kwa utaratibu wa D6103 wa ASTM, shirika la viwango la Marekani: silinda iliyo wazi pande zote mbili, yenye kipenyo cha milimita 75 na urefu wa milimita 150, husimamishwa juu ya bamba tambarare lisilonyonya maji, hujazwa, uso wake hukwanguliwa, kisha huinuliwa wima kwa mwendo mmoja usiokatika. Mchanganyiko utasambaa kama chapati. Pima kipenyo chake kwa pande mbili zinazokatana. Milimita 200 au zaidi bila ukingo wa maji kuzunguka ni mtiririko mzuri. Ukingo wa maji meupe ukionekana, vumbi ni dogo au maji ni mengi. Rudia kipimo kila baada ya dakika 5 hadi kipenyo kishuke chini ya milimita 150, na uandike dakika hiyo, kwa kuwa ndiyo mwisho wa muda wako wa kumimina.

Majaribio yafanyike kwa joto la mahali pa kazi. Maabara yenye kiyoyozi cha nyuzi 21 itakudanganya kuhusu mchanga uliopigwa na jua kutwa nzima na maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi. Fanya angalau mizunguko miwili, mmoja kwa nyuzi 22 na mwingine kwa nyuzi 32, na uandae kiasi cha asidi kwa kila hali.

Hatua ya sita: Pima kuganda na nguvu

Kipimo kinachoaminika uwanjani ni cha kudondosha nusu tufe la chuma, ASTM D6024. Kifaa chake kina kilo 14, hudondoshwa mara 5 mahali pamoja kutoka urefu wa milimita 108, kisha kipenyo cha shimo lililobonyea hupimwa. Milimita 75 au pungufu inaonyesha kuwa uso unaweza kupokea mzigo. Angalia pia kama maji yamejitokeza ndani ya shimo. Uso unaong'aa kwa maji haujawa tayari hata kama kipimo kimefaulu. Jaza sanduku la mbao lenye kina cha kutosha, sentimita 30 hivi, lililowekwa plastiki ndani ili maji yasipenye. Kufanya hivyo ni kuiga udongo wa mfinyanzi, yaani hali mbaya kuliko zote. Dondosha kila baada ya dakika 10 na uchore mchoro wa kipenyo dhidi ya muda. Mstari ulio juu ya milimita 75 kwenye dakika ya 60 unakuambia urudi kwenye asidi au maji kabla ya kugusa saruji.

Silinda za nguvu zinahitaji uangalifu ambao mafundi wa maabara ya zege hawajauzoea. Kijazio cha kilopaskali 300 kinaweza kumeguka mkononi. Tumia kalibu zinazofunguka kwa ubavu, usizigonge, na usitumie mashine kubwa ya kuvunjia zege, kwa kuwa usomaji wake katika mizigo midogo namna hii hauna maana. Mashine ya maabara ya udongo inafaa zaidi. Mzigo upande polepole, kiasi kwamba silinda isivunjike kabla ya dakika 2. Vunja silinda kwa saa 3, saa 24, siku 7, siku 28 na siku 90, na uhifadhi seti moja ya mwaka mzima. Nguvu ya siku 90 ikizidi ya siku 28 kwa kiasi kikubwa, vumbi lako huenda lina pozolana inayoendelea kufanya kazi, na hesabu ya kufukulika irudiwe kwa namba hiyo mpya.

Baada ya hapo chimba shimo la mita 1 kwa mita 1 ndani ya uwanja wako, weka kipande cha bomba, mimina, na baada ya siku 28 mpe kibarua sururu alifukue bomba bila kulitoboa. Naliamini shimo hili kuliko hesabu zote zilizotangulia.

Hatua ya saba: Panga uzalishaji

Mtaro wetu wa upana wa mita 0.6, kina cha kujazwa cha mita 1.2 na urefu wa mita 9 una mita za ujazo 6.5, na ukiondoa bomba zinabaki 6.2. Nusu saa ya kumimina inadai kasi ya zaidi ya mita za ujazo 12 kwa saa. Mikisa ya lita 300 ingelazimika kukoroga mara 21 ndani ya dakika 30, jambo lisilowezekana, kwa hiyo usijidanganye kwa kuongeza vibarua.

Njia bora ni mashine inayobeba vifaa vikavu katika masanduku tofauti na kuvichanganya mlangoni mwa mtaro, kwa kuwa kila lita inayotoka ina umri wa dakika moja tu. Isipopatikana, tumia magari mawili ya zege, kila moja likibeba mita za ujazo 3.1, yakiwa na mchanga, vumbi, hewa na maji, lakini bila saruji. Saruji ikorogwe na maji yaliyotengwa pamoja na asidi kwenye pipa kando ya barabara, imiminwe ndani ya pipa la gari la kwanza, lizungushwe kwa kasi kamili kwa dakika 5, kisha limwagwe lote. Gari la pili lisipokee saruji mpaka la kwanza limetoka tupu. Weka karibu suluhisho la ziada la asidi ya sitriki, lililopimwa na kujaribiwa maabara, ili gari likiharibika na mzigo ndani kuganda kusimamishwe kabla pipa halijafungwa na jiwe.

Hatua ya nane: Mimina, linda bomba, fungua barabara

Kabla ya kuganda, kijazio ni kimiminika kizito kuliko maji, na bomba huelea ndani yake. Kila mita ya bomba la milimita 200 inasukumwa juu na uzito wa kilo 55 hivi. Hata likijazwa maji, likiwa na uzito wake wa plastiki, bado hubaki na msukumo wa takriban kilo 20 kwa mita. Lifunge kwa kamba za plastiki zilizopigiliwa kwenye kitako cha mtaro kila baada ya mita 1.5, na mimina kwanza tabaka linalofika nusu ya bomba kutoka pande zote mbili kwa usawa. Kwa kuwa kijazio hiki huganda haraka, dakika 10 hadi 15 baadaye tabaka hilo litakuwa limelishika bomba na utaendelea bila wasiwasi. Kasi tuliyoitafuta kwa ajili ya magari inatusaidia hapa pia. Mgawanyo wa magari mawili unalingana na utaratibu huu, gari la kwanza likifanya tabaka la chini na sehemu ya katikati.

Ncha za mtaro zizibwe kwa mifuko ya mchanga, na mashimo ya nyaya na mifereji ya zamani yatafutwe na kuzibwa mapema, maana kijazio kitaifuata kila njia iliyo wazi hadi kwenye chemba ya jirani. Penye bomba la chuma, lifunikwe lote au lisiguswe kabisa. Bomba lililozama nusu kwenye kijazio na nusu kwenye udongo hujitengenezea mkondo wa umeme unaoharakisha kutu. Hakuna mtu anayeingia mtaroni wakati wa kumimina. Wanaoshika mchanganyiko wavae glavu za mpira, buti na miwani, kwa sababu unaunguza ngozi na macho, na mtaro uzungushiwe uzio hadi ugande, kwa kuwa mtoto akitumbukia hatajitoa mwenyewe.

Acha nafasi ya unene wa lami uliotajwa na mwenye barabara, ukwangue uso kwa ubao, na usubiri. Kwenye dakika ya 40 dondosha nusu tufe katika sehemu tatu: kila ncha na katikati. Rudia kila dakika 10. Lami iitwe pale sehemu zote tatu zinapopita milimita 75 bila maji, si moja wala mbili, kwa sababu sehemu iliyopokea mwisho wa gari la pili ndiyo changa kuliko zote na mara nyingi ndiyo yenye maji zaidi. Mabamba mazito ya chuma yawepo kando ya barabara usiku huo, ili dakika 60 zikipita bila kufaulu magari yavuke juu ya mabamba na lami iwekwe usiku unaofuata.

Silinda za usiku huo zichukuliwe kutoka kila gari, na pamoja na vipimo vya mtiririko, joto, unyevu wa mchanga na dakika za kuganda ziandikwe katika karatasi moja yenye mahali halisi pa mtaro na kina cha bomba. Nakala ipewe mwenye bomba na mwenye barabara, na utepe wa rangi ya onyo ulazwe juu ya kijazio kabla ya lami, ili mchimbaji atakayekuja ajue kwamba chini yake kuna kijazio cha kilopaskali 450 kinachochimbika kwa mashine ndogo, na kwamba bomba liko sentimita ngapi chini ya utepe huo.